Mkataba Ulimfunga Daktari, Haukuifunga Nafasi

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Daktari aliyesomeshwa na hospitali aliomba kuacha kazi kwa kuwa amepangiwa kituo cha serikali katika Mkoa wa Songwe, na akaomba bodi imweleze atalipaje kilichobaki kwenye mkataba. Alitakiwa kutumikia miaka mitano. Hakuwa amefikisha miwili.

Nilikuwa mjumbe wa bodi hiyo kwa upande wa walei. Kisa nakieleza bila kumtaja daktari, hospitali wala chuo kikuu binafsi cha afya kilichomfundisha. Wenyewe wanajijua, na mipango ya namna hii iko mingi, kuanzia Ludewa hadi Sumbawanga: taasisi ya pembezoni inajibana, inasomesha mtoto wa kwao kwenye chuo cha kulipia, anahitimu, anarudi, anaondoka. Kila mara lawama humwangukia kijana. Kwa kisa hiki nadhani lawama ilikosea njia.

Hospitali yenyewe ni ya kanisa, kwenye milima ya Mkoa wa Njombe, na kwa miaka mingi imekuwa Hospitali Teule ya Wilaya. Majengo na uendeshaji ni vya kanisa. Serikali huleta ruzuku ya mishahara ya baadhi ya watumishi na sehemu ya dawa. Wananchi huihesabu kuwa ni ya wilaya basi. Nyanda za Juu Kusini zimebebwa sana na hospitali za namna hii. Ukitaja Ilembula, Ikonda, Tosamaganga, Chimala au Peramiho, mtu wa huku huwaza hospitali kwanza, kijiji baadaye.

Kwa ndani, walioibeba hospitali yetu walikuwa madaktari wasaidizi: matabibu walioongezewa mafunzo ya miaka miwili na kuruhusiwa kupasua. Upasuaji wa uzazi, ngiri iliyonasa, utumbo uliojisokota, kazi zote zile zinazokuja saa nane usiku, zilikuwa mikononi mwao. Mafunzo ya kada hiyo yaliposimamishwa nchini, kwetu hakuna aliyeshtuka, maana waliokuwepo waliendelea na zamu zao. Kada ikifungwa, pengo huja na kustaafu. Walistaafu wawili kwa kufuatana, akabaki mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, analala na simu mkononi.

Na wagonjwa hawapungui. Njombe ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Iringa na Mbeya zinafuata. Utafiti wa afya na hali ya watu wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano hapa Njombe wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu, katika mikoa ambayo malori yake ya mahindi na viazi hayaishi barabarani kwenda kulisha wengine. Magonjwa ya namna hiyo hayamalizwi na theata. Yanataka muuguzi, mtu wa lishe, mtu wa maabara, mfamasia anayejua kwa nini dawa za mama huyu zimerudi nusu chupa. Lakini bodi ilipokaa kujadili upungufu wa wataalamu, kila mmoja alikuwa anamuwaza daktari tu. Hilo nalo ni sehemu ya kisa.

Kwa nini chuo binafsi? Shule ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963, na kwa miongo mitatu na zaidi kusomea udaktari nchini kulimaanisha Muhimbili. Vyuo visivyo vya serikali vilikuja baadaye: Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam na kile cha KCMC mjini Moshi mwaka 1997, Bugando mjini Mwanza mwaka 2003, kisha Ifakara. Ukiacha cha Kairuki, vyote hivyo vilisimama kando ya hospitali kubwa za makanisa, mbali na Dar es Salaam, na hoja ya waanzilishi inaeleweka: ukitaka mtaalamu wa kanda, mfundishie kwenye kanda. Sisi wa kusini tulichelewa. Chuo cha sayansi za afya cha Mbeya, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipo, na kipo karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, lakini nafasi zake zinagombaniwa na nchi nzima.

Aliyechaguliwa alikuwa tabibu wa hospitali yetu, binti wa kata ya jirani, aliyekwisha kufanya kazi wodini na kupendwa. Aliomba kwa sifa linganishi, kwa stashahada yake. Vyuo vya umma alikosa, mkopo wa serikali alikosa, chuo kimoja binafsi nje ya kanda yetu kikamchukua. Ada ya udaktari katika vyuo hivi ni mamilioni ya shilingi kwa mwaka, mara tano, kabla hujahesabu chumba, chakula, vitabu na michango isiyoisha. Hospitali ilitoa sehemu kwenye makusanyo yake, usharika rafiki wa Ujerumani ukatoa sehemu, na sharika za wilaya zikachangia baada ya mavuno. Wasiokuwa na fedha walileta magunia ya viazi, yakauzwa Makambako. Kwa hiyo kabla hajagusa kisu cha upasuaji, yuko mzee wa bondeni aliyejua kabisa gunia lake limeingia kwenye muhula upi.

Mkataba uliandikwa na wakili wa mjini Njombe, kurasa tatu. Mfadhiliwa atasoma kwa bidii. Atarudi mara tu atakaposajiliwa. Atatumikia miaka mitano. Akiondoka kabla, atarejesha gharama zote ukitoa sehemu ya miaka aliyotumikia. Atakuwa na wadhamini wawili. Wadhamini wakawa mjomba wake na mwalimu wake wa shule ya msingi, mstaafu.

Nimeusoma tena mkataba huo baada ya mambo kuharibika. Vifungu vinavyoanza na "mfadhiliwa atapaswa" vimejaa kurasa zote tatu. Vinavyoanza na "hospitali itapaswa" vinaishia kwenye ada na posho. Atalipwa kwa ngazi ipi, hakuna. Atakaa nyumba gani, hakuna. Nafasi yake itakuwa kwenye ikama ya nani, yaani orodha ya nafasi za kazi ya mwajiri yupi, hakuna. Akitaka kusomea ubingwa baada ya miaka hiyo mitano, hakuna. Wakili hana kosa. Aliandika alichoambiwa, na alichoambiwa ni jinsi ya kulinda fedha.

Miaka mitano ya masomo haina mengi ya kusimulia. Alifaulu, likizo alirudi kusaidia wodini, akahitimu. Wizara ikampangia utarajali wa mwaka mmoja, yaani kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa mwingine, akamaliza, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jambo moja tu linastahili kusimamiwa hapa. Mafunzo yake ya vitendo, karibu yote, yalifanyika kwenye hospitali ya kufundishia ya chuo: mabingwa wa kila idara, maabara inayojibu siku hiyohiyo, damu ipo kwenye jokofu. Hospitali ya wilaya aliionja kwa majuma machache. Yeye alikuwa na bahati ya kuijua kabla, kwa sababu alitoka huko. Wenzake darasani walihitimu wakiwa hawajawahi kuona theata ambayo mtu wa usingizi ni mmoja na yuko likizo ya uzazi.

Alipokewa kwa nyimbo, vitenge na kuku. Kisha kazi ikaanza.

Nyumba aliyoahidiwa kwa mdomo ilikuwa na mtu, mtumishi wa zamani ambaye hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumhamisha, kwa hiyo akawekwa kwenye vyumba vya wageni nyuma ya kanisa, bafu la pamoja, "kwa muda". Daktari msaidizi aliyebaki, baada ya miaka ya kukesha, alichukua likizo zake zote alizokuwa anadai. Nani angemkatalia? Zamu za usiku zikamwangukia binti peke yake. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja pia, na siku ambazo hayupo, daktari wetu mwenye shahada aliandika rufaa kama ambavyo angeandika akiwa tabibu, gari likashuka na mama mwenye uchungu kwenda Njombe, au Mbeya kwenye kitengo cha wazazi cha Meta. Kwa ada ya mwaka mmoja ya udaktari tungeweza kusomesha muuguzi wa usingizi na chenji ikabaki. Hakuna aliyeliwaza. Mtu wa usingizi haimbiwi nyimbo.

Halafu mshahara. Ruzuku ya serikali hulipa nafasi zenye kibali, na ya kwake haikuwa na kibali, kwa kuwa hakuna aliyeiombea miaka yote sita aliyokuwa masomoni na utarajalini. Alilipwa kutoka makusanyo ya hospitali. Madai ya bima yakichelewa kulipwa, na mshahara wake unachelewa. Michango yake ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ilikuwa inaingia kwa kurukaruka. Wauguzi waliokuwa chini yake, walioajiriwa na serikali na kuletwa hapo, walipata mishahara yao tarehe ileile ya kila mwezi, na michango yao ilikuwa inakwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, bila wao kuuliza. Fikiria unaongoza zamu ambayo kila unayemwongoza ana uhakika wa kesho kuliko wewe.

Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inajenga. Mamia ya vituo vya afya vilijengwa au kukarabatiwa nchini kuanzia mwaka 2017, vingi vikiwekewa theata kwa ajili ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 zikaongeza vingine. Theata mpya inataka mtu wa kuiingia. Tangazo la ajira za kada za afya lilipotoka, aliomba, akapata.

Alikwenda kwanza kwa matroni, aliyemlea tangu akiwa mwanafunzi wa utabibu. Matroni ndiye alitusimulia bodini.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Uso wako leo una jambo."

Akamweleza. Matroni akamuuliza, "Sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama. Ila nikimaliza miaka mitano hapa, siku nikiingia serikalini nitaanza kama aliyehitimu jana. Wenzangu watakuwa na miaka mitano ya utumishi, wengine watakuwa wameshapelekwa ubingwa. Mimi nitakuwa na barua ya shukrani."

Matroni alisema hakupata la kumjibu. Kikao kizima nacho hakikupata.

Hata hivyo kikao kilikuwa kikali. Mhasibu alitaka fedha, na alikuwa na jedwali lake. Mwenyekiti, mchungaji, alielekea kwenye msamaha. Mzee wa usharika mmoja wa bondeni alitaka mahakama, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko ya mhasibu: "Tukimwachia huyu, mwakani nani atatoa hata debe?" Wakili akatupunguzia joto. Mahakama, alisema, haimlazimishi mtu kumtumikia mtu. Mwisho wake ni fidia, nayo huangaliwa kama ni ya haki, haitolewi tu kwa sababu imeandikwa. Na ukienda huko, mkono wa sheria utamgusa kwanza mwalimu mstaafu aliyeweka sahihi kwa moyo mwema. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena neno kesi, isipokuwa mzee, kwa kunong'ona.

Sasa, kosa liko wapi? Wengi walisema kwenye tabia. Vijana wa leo, tamaa, mjini. Lakini hakwenda mjini. Alikwenda kwenye kituo cha afya cha vumbi upande wa Momba, joto, mbali na kwao kuliko alipokuwa. Mtu anayekimbia kijiji hakimbilii kijiji kingine. Alikimbilia nafasi: kibali cha ajira, ngazi ya mshahara, pensheni, na jina lake kwenye orodha ya watumishi wanaoweza kupandishwa na kusomeshwa.

Mwaka 2017 ulituonyesha jambo hilo kwa taifa zima, tukalisahau. Machi ya mwaka huo Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mpango ukakwama, na Aprili Rais Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe hapa nyumbani. Walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, na walikuwa tayari kuvuka mpaka. Wakati huohuo kulikuwa na hospitali za wilaya zenye daktari mmoja. Upungufu wa madaktari na madaktari wasio na kazi waliishi nchi moja bila kukutana, kwa sababu chuo huzaa wahitimu, lakini nafasi huzaliwa na bajeti. Anayeanzisha chuo kikuu cha afya kwa ajili ya eneo lisilo na huduma na kuishia kwenye mahafali amefanya nusu ya kazi, na pengine ile iliyo rahisi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake kuhusu wafanyakazi wa afya wa vijijini mwaka 2010. Yanajulikana: chukua wanafunzi waliotoka vijijini, weka vyuo nje ya miji mikuu, wapeleke wanafunzi kwenye mazoezi ya vijijini, toa ufadhili wenye sharti la utumishi, kisha boresha makazi, mazingira ya kazi na njia ya kupanda cheo. Bodi yetu ilitimiza mawili, mtoto wa kijijini na sharti la utumishi. Yale ya mwisho, yanayomgharimu mwajiri, tuliyaruka.

Wapo waliofanikiwa kwa sharti la utumishi, na inafaa kuona walifanyaje. Japani ina chuo cha udaktari cha Jichi, kilichoanza mwaka 1972. Kisheria ni chuo binafsi, lakini waanzilishi wake ni mikoa yote 47 ya nchi hiyo, na kila mkoa hupeleka wanafunzi wake wawili watatu kila mwaka. Ada ni mkopo. Aliyesoma miaka sita huutumikia mkoa wake miaka tisa, sehemu kubwa vijijini, na anayevunja sharti hulipa lote kwa mkupuo. Walio wengi mno hutimiza, na kama asilimia 70 hubaki kwenye mikoa yao hata baada ya deni kwisha. Ukisoma haraka utasema siri ni ukali wa adhabu. Mimi naona jingine: mkoa unaomsomesha ndio unaompangia kituo, ndio unaomlipa. Anayedai utumishi ndiye mwenye nafasi mkononi. Kwetu hospitali ilisomesha, wizara ikapanga utarajali, TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, ikawa na nafasi, chuo kikawa na cheti, na hao wanne hawakuwahi kukaa meza moja.

Mfano wa pili unawahusu zaidi wenye vyuo. Huko Zamboanga, kusini mwa Ufilipino, shule binafsi ya udaktari ilianzishwa mwaka 1994 kwa sababu rasi ile ilikosa madaktari. Leo iko ndani ya Chuo Kikuu cha Ateneo de Zamboanga. Mwanafunzi hupangiwa jamii ya kijijini na hurudi hapohapo mwaka hadi mwaka, anaishi na watu, anasoma matatizo yao na kuyashughulikia pamoja nao. Wahitimu wake walio wengi wamebaki kwenye eneo hilo. Mhitimu wa namna hiyo akipangiwa hospitali ya wilaya, hakuna kitakachomshangaza.

Chuo kilichomfundisha daktari wetu kinajitangaza kuwa ni kwa ajili ya maeneo ya pembezoni. Nia hiyo siibezi. Lakini chuo kisichopata ruzuku huishi kwa ada, kwa hiyo humchukua anayeweza kulipa au mwenye wa kumlipia, na aliyelipiwa kwa kuuza shamba la ukoo atakwenda kwenye mshahara unaorudisha shamba. Aliyebahatika kupata mkopo wa Bodi ya Mikopo akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Hesabu hizo mtu huzipiga akiwa darasani bado. Chuo kinachotaka wahitimu wake wabaki Makete, Ileje au Ludewa kina mambo mawili ambayo hayahitaji kusubiri wizara: kukubaliana na halmashauri na hospitali teule juu ya wanafunzi watakaotoka huko, ndani ya viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, na kuzifanya hospitali hizo kuwa madarasa yake, kwa miezi, kila mwaka. Chetu hakikufanya hata moja. Kilimhesabu daktari wetu kwenye orodha ya wahitimu walioajiriwa, na kwa haki kabisa.

Ipo hoja iliyotusumbua kuliko zote: je, kuna aliyepoteza? Mjumbe mmoja alisema Songwe nayo ni Nyanda za Juu Kusini. Wanawake waliokuwa wanasafirishwa hadi Vwawa au Tunduma sasa wana daktari karibu. Rafiki zetu wa Ujerumani walitoa fedha kwa ajili ya kanda, na kanda imepata. Mzee wa bondeni akamtazama kwa muda. "Kwa hiyo amekwenda kuwatibu Wanyamwanga kwa viazi vyetu." Watu walicheka, naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Kwenye ramani ya mpangaji yule mjumbe yuko sahihi. Mimi niko na mzee, angalau nusu ya njia. Aliyetoa gunia alilitoa kwa ajili ya wodi anayoijua, na michango ya watu haiendi mbali kwa kuambiwa kwamba takwimu za kanda ziko vizuri.

Uamuzi ulikuwa huu. Daktari aruhusiwe aende. Gharama zihesabiwe, muda aliotumikia utolewe, kilichobaki alipe kidogokidogo kila mwezi. Wadhamini wafunguliwe siku ileile. Fedha zitakazorudi zisiingie kwenye makusanyo ya kawaida. Zitengwe kumsomesha muuguzi wa usingizi. Mhasibu alipinga sehemu ya mwisho na akashindwa kwa kura. Daktari anaendelea kulipa hadi leo, na huwa anapiga simu kumuuliza matroni habari za wodi.

Jambo la pili lilichukua muda zaidi na ndilo lililozaa matunda. Bodi ilimwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kuomba nafasi ya daktari iingizwe kwenye ikama na bajeti ya halmashauri, na mtumishi atakayepatikana aletwe kwenye hospitali teule chini ya makubaliano yaliyopo. Njia hiyo ilikuwepo siku zote. Ndiyo iliyowaleta wale wauguzi. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa imefungwa, iliyofuata ikapita bila sisi, halafu jibu likaja likiwa na mtu.

Mtu mwenyewe anatoka Kagera. Hana ndugu huku, Kikinga, lugha ya huku, hajui, baridi ya Juni ilimtoa machozi. Wote tulimpa mwaka mmoja. Bado yupo. Mtumishi wa zamani alipostaafu, nyumba ilikarabatiwa kabla daktari hajaomba, mshahara wake unaingia kwa wakati, na mke wake, mwalimu, alihamishiwa shule ya sekondari ya kata. Mzee wa bondeni humwita "mjukuu". Kisa chake hakifuti umuhimu wa kuchagua vijana wa hapahapa, na mtu mmoja hathibitishi kanuni. Lakini binti wa nyumbani asiye na nafasi aliondoka, na mgeni mwenye nafasi amekaa.

Muuguzi wa usingizi ameanza masomo. Mkataba wake una kurasa tatu vilevile, ila vifungu vya "hospitali itapaswa" vimeongezeka, na ombi la kibali cha nafasi yake limepelekwa halmashauri kabla hajapanda basi.

Chuo nacho tulikiandikia, tukakiomba kituletee wanafunzi wa mwaka wa nne kwa mazoezi ya muda mrefu. Kimejibu kwamba kiko tayari, mradi hospitali itoe malazi na daktari wa kuwasimamia. Daktari wa Kagera amekubali kuwasimamia. Malazi bado yanabishaniwa: vyumba vilivyo wazi ni vile vya wageni nyuma ya kanisa, na mhasibu anataka kuvipangisha kwa mafundi wa barabara.